Gundi Nyeupe ya D3: Hii Sasa Ndiyo Gundi!

Jamani mafundi, imefika! Gundi nyeupe ya mbao yenye alama ya D3, nimeifungua sasa hivi na mikono bado inanata. Tazameni inavyotoka: nzito kama mtindi, inashuka taratibu, haichuruziki ovyo. Harufu ni ya siki kwa mbali tu. Hakuna kuumwa kichwa kama kwa ile gundi ya manjano ya kubandikia fomaika!

Nikachukua vipande viwili vya mninga vilivyopigwa randa vizuri, nikapaka utando mwembamba, nikabana na jiriwa. Weee! Vishanga vyeupe vikajitokeza mstari mzima wa kiungo, dalili kwamba gundi imeenea kila mahali. Nikavifuta papo hapo kwa kitambaa kibichi, maana vikikauka pale vanishi itaacha madoa. Asubuhi weupe wote ulikuwa umetoweka, kiungo hakionekani mpaka ukitafute kwa ukucha. Nikakitandika nyundo. Ikapasuka mbao, kiungo hakikuachia!

Kinachofanya kazi humo ni polivinili asetati, aliyoigundua Fritz Klatte huko Ujerumani mwaka 1912. Imo katika chembe ndogo mno zinazoelea majini. Ukishapaka, mbao inakunywa sehemu ya maji, mengine yanapaa hewani, chembe zinasongamana hadi zinashikana kuwa utando mmoja uliozama kwenye vitundu vya mbao. Rangi nyingi za maji hukamata ukutani kwa njia hiyo hiyo.

Na sasa utamu wenyewe, hiyo D3! Kwa kipimo cha Ulaya cha EN 204, kiungo hulowekwa siku 4 katika maji baridi na bado kinatakiwa kishike. Gundi nyeupe ya D1 haidaiwi hata kidogo kuvumilia maji. Kwa hiyo kabati la jikoni linalomwagikiwa maji kila siku, hapo ndipo mahali pake.

Msiipeleke kwenye mvua na jua kali, wala kwenye boriti za paa: joto huilainisha, na mzigo usiopumzika hukivuta kiungo polepole. Pia msiiongezee maji ili iende mbali, mtaiua.

Kwa samani za ndani, mimi sitafuti nyingine. Mkifika dukani someni lebo, mwone D3 kwa macho yenu kabla ya kutoa hela.