Vernonia Iliachwa Rundo Moja

Maelezo ya spishi ni safi, na funguo zake zinatumika hadi leo. Hayo yatosha kuhusu mazuri ya sehemu ya kwanza ya Compositae katika Flora of Tropical East Africa, iliyotoka mwaka 2000. Kosa ni Vernonia.

Waandishi waliamua kuiacha jenasi hiyo pana kama ilivyokuwa, wakati ushahidi wa kuivunja ulikuwa tayari mezani. Mwaka 1988, Charles Jeffrey alikuwa amezipanga Vernonia za Afrika Mashariki katika makundi yanayoeleweka, kwenye Kew Bulletin. Mwaka 1999, Harold Robinson wa Smithsonian akayapa majina ya jenasi makundi mengi ya Ulimwengu wa Kale. Kilichobaki kilikuwa kutia saini tu. Hawakutia.

Utetezi unajulikana: jina la zamani limezoeleka, na vichwa vya maua vinafanana mno. Vinafanana, kweli. Ndiyo maana mtu huligeuza jani na kuliweka chini ya hadubini. Hapo kinyweleo kimoja husimama wima kama uzi, kingine kina kikonyo kifupi na mkono uliolala pande mbili, umbo la T. Hilliardiella, moja ya jenasi alizozitenga Robinson, inatambulika kwa T hizo, ndizo zinazolifanya jani ling'ae kama fedha.

Safu hii imeshasema, na itasema tena: wingi wa vinyweleo si hoja. Leleshwa ya Kajiado, kutoka Kitengela hadi Entarara, hujulikana kwa weupe wa upande wa chini wa jani, lakini unene wa sufu ya jani unaweza kubadilika kwa jua na ukame. Kinachodumu ni muundo: seli ngapi, kikonyo kirefu au kifupi, tezi ipo au haipo. Anayehesabu vinyweleo kwa milimita bila kueleza muundo wake anapima hali ya hewa.

Wazee walilijua hilo. Faust na Samuel Jones, katika Rhodora ya mwaka 1973, walizilinganisha Vernonia za Amerika Kaskazini kwa mchanganyiko mzima wa aina za vinyweleo kwenye mmea, si kwa aina moja. Tahadhari hiyo ina maana, kwani T hutokea hata kwa Artemisia, mbali kabisa na Vernonia. Jones hakuishia hapo. Alitazama pia kromosomu: msingi wa 17 kwa zile za Amerika, 9 au 10 kwa za huku kwetu. Namba hizo zilikuwa zimechapishwa miaka mingi kabla ya 2000.

Kisha mwaka 2007 Keeley na wenzake wakaja na DNA, wakaonyesha kwamba Vernonia za Amerika na za Afrika haziwezi kukaa chini ya jina moja. Wengi walishangilia kana kwamba ni habari mpya.

Mfululizo wa Flora ulifungwa mwaka 2012, baada ya miaka 60, bila marekebisho ya sehemu hiyo. Mwanafunzi wa Nairobi anayekusanya Baccharoides lasiopus bado huikuta kitabuni kama Vernonia lasiopus. Nyongeza ya kurasa chache, yenye ufunguo unaoanzia kwenye vinyweleo, chavua na kromosomu, ingetosha kumwondolea usumbufu huo.