Mpango wa Safari ya Rhodes: Tahakiki ya Mswada

Mswada tunaouhakiki hapa haujapigwa chapa bado. Ni kurasa ishirini na mbili zilizoandikwa na mwanafunzi wetu wa zamani, mzaliwa wa hapa Mununga aliyekulia Lubumbashi, na ambaye sasa anafanya kazi Ubelgiji. Amekusudia uwe mwongozo wa Kiswahili kwa watu wanaotaka kwenda kuona mahali pa urithi wa Wayahudi katika kisiwa cha Rhodes, nchini Ugiriki. Ametuletea tuusome kabla hajaupeleka kwa mchapaji, naye ameturuhusu kuyatoa maoni yetu katika jarida hili kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. Twauhakiki kama tunavyohakiki kazi nyingine yoyote ya maandishi. Mpango wa safari nao huchagua, huacha, hutanguliza na huchelewesha, na mwenye kuchagua hasamehewi eti kwa kuwa anaandika habari za nauli na vyumba vya kulala.

Msomaji wa Tanga au Mombasa huenda akauliza: Mununga na Rhodes, wapi na wapi? Swali ni la haki. Mununga iko kando ya Ziwa Mweru, upande wa Zambia. Lugha ya nyumbani ni Kibemba. Kiswahili huvuka maji kutoka Kongo pamoja na wachuuzi wa samaki, na darasa letu la jioni limejaa watu wanaokihitaji kwa ajili ya mizani na bei. Lakini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 Wayahudi wengi waliihama Rhodes kutafuta maisha, na baadhi yao wakaja Katanga. Katika Elisabethville, mji ulioanzishwa mwaka 1910 na ambao tangu 1966 waitwa Lubumbashi, walishiriki kujenga sinagogi kubwa. Rabi Moïse Levy, mzaliwa wa Rhodes, aliwatumikia Wayahudi wa Kongo tangu 1937 hadi 1991. Wengine walifika kwenye maji yetu haya haya. Nissim Soriano aliihama Rhodes mwaka 1938, pale Italia, iliyokuwa ikikitawala kisiwa hicho, ilipotunga sheria za kuwabagua Wayahudi. Alifanya biashara ya samaki upande wa Kongo, na mwanawe aliyezaa na mama Mkongo, Moïse Katumbi, alizaliwa Kashobwe mwaka 1964 na kuwa gavana wa Katanga tangu 2007 hadi 2015. Kashobwe si mbali na hapa. Watu wetu huenda na kurudi. Basi habari hizi za kisiwa cha Wagiriki ni habari za majirani.

Tuanze na kosa linalochekesha, ili tulimalize. Katika ukurasa wa pili mwandishi anadai kwamba nchi yetu iliitwa Rhodesia ya Kaskazini kwa sababu ya Wayahudi waliotoka Rhodes. La hasha! Jina hilo, tulilolibeba hadi tarehe 24 Oktoba 1964, lilitokana na Cecil Rhodes, Mwingereza ambaye ukoo wake haukuwa na uhusiano wowote na kisiwa. Tena Wayahudi waliokuja upande wetu wengi wao walitoka Lithuania na nchi jirani zake, si Rhodes. Ndugu wawili wa ukoo wa Susman, waliovuka Zambezi mwaka 1901 kununua ng'ombe kwa Walozi, walikuwa wa huko. Kadhalika Simon Zukas, aliyezaliwa Lithuania mwaka 1925, akafukuzwa na serikali ya kikoloni mwaka 1952 kwa kupinga Shirikisho, na baada ya uhuru akarudi na hatimaye kuwa waziri. Mwandishi akisome kitabu cha Hugh Macmillan na Frank Shapiro, Zion in Africa, kilichotoka mwaka 1999, atapata hayo yote. Mto Luapula na ziwa letu ndio mpaka baina ya historia mbili za Wayahudi, na mwongozo unaozichanganya utampoteza msafiri kabla hajapanda ndege.

Kuhusu msamiati tuna manung'uniko mawili. La kwanza ni jina lenyewe la kisiwa. Mwandishi ametumia Rhodes, nasi twamfuata, lakini ingefaa amkumbushe msomaji kwamba Biblia ya Kiswahili, katika Matendo ya Mitume, hukiita Rodo. Wasafiri wengi wa huku watakuwa wamekwisha kukisoma wasijue kuwa ndicho hicho. La pili ni zito zaidi. Nyumba ya ibada iitwayo Kahal Shalom ameiita "hekalu" katika ukurasa wa tano na "Kanisa la Amani" katika ukurasa wa tisa. Hekalu la Wayahudi lilikuwa moja, Yerusalemu, nalo lilibomolewa na Warumi mwaka 70. Neno sinagogi tunalo, limo katika Injili, kila mtoto wa shule ya Jumapili analijua. Kwa nini kulikwepa? Na "kahal" si kanisa bali ni kusanyiko la waumini.

Hata hivyo, maelezo yake ya jengo hilo ni mazuri na hatutaki kuyapita. Lilijengwa mwaka 1577 na ndilo sinagogi kongwe kuliko yote yanayotumika bado katika Ugiriki. Mwandishi anatueleza sakafu yake ya kokoto nyeusi na nyeupe zilizopangwa kwa mkono, na vyumba vya pembeni walimosalia wanawake, ambavyo tangu 1997 vimekuwa makumbusho iliyoanzishwa na Aron Hasson, mwanasheria wa Marekani mwenye asili ya huko. Hapo anaandika kwa utulivu, sentensi zake fupi, naye hatuambii tustaajabu. Laiti angeandika hivyo kote!

Maana tukifika ratiba yenyewe, mambo yanaharibika. Siku ni saba. Siku mbili ni za pwani, moja ni ya magofu ya Lindos, moja na nusu ni ya kasri na mtaa wa mashujaa wa Kikristo walioshikilia kisiwa mpaka Waturuki wa Osmani walipokitwaa mwaka 1522. Mtaa wa Wayahudi umepewa asubuhi moja, baina ya kifungua kinywa na chakula cha mchana. Makaburi, ambayo Waitaliano waliyahamishia nje ya mji mwaka 1938, hayakupewa hata saa moja. Je, huu ni mwongozo wa urithi wa Wayahudi, au ni safari ya mapumziko iliyovikwa kilemba? Hatumkatazi mtu kuoga baharini. Tunasema tu kwamba jina la kitabu ni ahadi, na ahadi hii imetimizwa kwa asubuhi moja.

Ndani ya asubuhi hiyo, Uwanja wa Mashahidi wa Kiyahudi umeorodheshwa chini ya kichwa cha habari "Vivutio". Twaomba walimu wenzetu walipime neno hili. Kivutio ni kitu kinachomvuta mtu kwa uzuri wake au raha yake. Katika uwanja ule pana jiwe la ukumbusho lenye maandishi ya lugha sita, Kiladino kikiwamo, lugha ya Kihispania ambayo mababu wa watu hawa waliondoka nayo Hispania walipofukuzwa mwaka 1492 na ambayo waliisema nyumbani kwa zaidi ya miaka mia nne. Jiwe hilo linawalilia watu waliouawa. Mwandishi wa Kiswahili anayekosa neno la kuliita mahali kama hapo aseme tu "mahali pa maombolezo". Lugha yetu haina umaskini wa maneno ya msiba.

Na hapa ndipo penye lawama yetu kubwa. Ukurasa wa kumi na moja, akieleza yaliyowapata, mwandishi anasema: "Mwaka 1944 Wayahudi wa Rhodes walisafirishwa hadi Auschwitz, ambako wengi walifariki." Sentensi haina kosa la sarufi. Mwanafunzi wa kidato angepewa alama zote. Lakini imeundwa kwa vitenzi viwili, na vyote viwili vimemficha mtendaji. Walisafirishwa na nani? Huku kwetu kinachosafirishwa ni dagaa: hukaushwa juani, hujazwa magunia, hupakiwa malori kwenda Copperbelt, na hakuna anayeuliza walitaka kwenda au hawakutaka. Na "kufariki" ni neno la adabu, la mzee aliyekata roho kitandani wanawe wakiwa wamemzunguka. Walichotendwa watu wale hakikuwa na adabu yoyote.

Yaliyotokea yanajulikana, na yafaa mwandishi ayaseme kwa kauli ya kutenda. Wajerumani walikiteka kisiwa Septemba 1943. Julai 1944 waliwaamuru wanaume wa Kiyahudi wafike na vitambulisho vyao, wakawazuia. Kesho yake wakawaamuru wanawake na watoto wawafuate. Tarehe 23 Julai waliwaswaga hadi bandarini na kuwapakia katika mashua za mizigo. Waliwachukua hadi Piraeus, kisha wakawafungia katika mabehewa ya garimoshi, nao wakafika Auschwitz tarehe 16 Agosti. Watu wa Rhodes na wa kisiwa jirani cha Kos kwa pamoja walizidi 1,700. Waliobaki hai hawakufika mia mbili. Balozi mdogo wa Uturuki kisiwani, Selahattin Ülkümen, alisimama mbele ya Wajerumani na kuwatoa watu zaidi ya arobaini kwa kudai kwamba wao au wake zao ni raia wa Uturuki. Huyu mwandishi amemtaja, na kwa kauli ya kutenda! Yaani mwokozi kapewa kitenzi chake na wauaji wamenyang'anywa vyao. Hatudhani alikusudia. Tunadhani ameiga lugha ya matangazo ya safari, ambayo humwogopa msomaji asije akaghairi tikiti.

Twaja sasa kwenye ukurasa wa kumi na tisa, uliowekwa baada ya habari za viza na kabla ya habari za kubadili fedha, chini ya kichwa cha habari "Mengineyo". Hapo mwandishi anasimulia kwa aya mbili tu habari za babu yake. Babu huyo alivuka ziwa kutoka hapa Mununga akiwa kijana kwenda kutafuta kazi Elisabethville, akawa mpishi katika nyumba ya mfanyabiashara aliyetoka Rhodes. Mabwana wa nyumba ile walikuwa na lugha tatu: Kifaransa cha ofisini, Kiswahili cha dukani na jikoni, na nyingine ya kwao wenyewe ambayo mpishi hakuijua jina. Siku moja baada ya vita kwisha, mwaka 1945, barua ilifika. Duka likafungwa. Babu alimkuta mama mwenye nyumba ameketi sakafuni, vioo vyote vimefunikwa kwa shuka, naye hakutaka chakula isipokuwa mayai ya kuchemsha. Akamwuliza, "Ni nani amekufa, Madamu?" Akajibiwa kwa Kiswahili, "Wote wamekwisha," kisha mama yule akaendelea kusema peke yake katika lugha ile nyingine, na babu akabaki amesimama na sahani mkononi.

Msomaji mkali atatushika: si ninyi mliolaani vitenzi visivyo na mtendaji? "Wamekwisha" nako kuna mtendaji gani? Twajibu kwamba mfiwa ana ruhusa ambayo mwandishi wa mwongozo hana. Mama yule hakuwa akieleza historia. Alikuwa akimjibu mpishi, katika lugha ambayo huenda aliijulia sokoni, na neno lililomjia ni lile tunalolisema sisi sote msibani. Habari ya msiba wa Rhodes ilitamkwa kwa Kiswahili jikoni Elisabethville, na mtu wa Mununga akaisikia. Mwenye ushahidi wa namna hii nyumbani kwake anauwekaje baada ya viza?

Tumemshauri auhamishie ukurasa wa kwanza. Tumemshauri pia asiupake sukari. Aya ya pili ya ukurasa huo yasema kwamba mpishi na bwana wake "waliishi kama ndugu". Elisabethville ya miaka ile ilikuwa imegawanywa, mji wa Wazungu huku na mitaa ya Waafrika kule, na waliokimbia ubaguzi wa Waitaliano walipokewa Katanga upande wa Wazungu. Babu alipika, akaosha vyombo, jioni akarudi mtaani kwake. Huruma aliyoionyesha siku ile ina uzito zaidi tukijua hayo, kwani hakuwa ndugu na hakuketishwa mezani. Mwandishi aandike sentensi moja ya kweli kuhusu mshahara na mpaka ule wa mji, kisha aendelee.

Yaliyobaki ni ya utendaji, nasi twayataja upesi. Safari ianzie Lubumbashi, kwenye sinagogi, kabla ya Athens. Anayetoka huku hana haja ya kuupita mji huo kama kituo cha basi. Viza ya Ulaya iombwe mapema. Jumamosi ni Sabato, msafiri asipange makumbusho siku hiyo. Tena katika miezi ya baridi makumbusho yenyewe hufungwa, jambo ambalo mswada haukulisema. Siku moja ya pwani ikatwe wapewe wa makaburini. Maelezo ya Kiladino, yaliyo katika ukurasa wa kumi na nne, yaongezwe maradufu, kwa kuwa wasomaji wetu ni watu wa lugha na watataka kujua lugha huishije miaka mia nne mbali na kwao, na hufaje.

Kuhusu tarehe, amechagua wiki ya pili ya Septemba kwa sababu vyumba ni nafuu. Tumemwandikia pembeni kwa wino mwekundu: 23 Julai. Kila Julai wazao wa watu wale hurudi kisiwani kwa kumbukumbu, wengine wakitoka Ubelgiji na Afrika Kusini, na miongoni mwao wapo wazee waliozaliwa Kongo ambao bado wanajua Kiswahili. Gharama itazidi, twajua. Amejibu kwamba atahesabu tena fedha zake na kutuletea ratiba mpya kabla ya mvua.