Kanzu Nyeupe, Picha ya Buluu

Wapigapicha wa harusi wa enzi ya filamu waliijua kero hii. Bwana harusi amevaa kanzu nyeupe pepe, picha zikitoka kusafishwa kanzu ina ubuluu, ilhali uso wake na ukuta wa nyuma havina kasoro. Fundi akiipunguza buluu wakati wa kuchapa, uso unageuka manjano. Wengi walikimbilia kufunga filta ya urujuanimno mbele ya lenzi, na haikuwasaidia.

Filta ile ina kazi yake. Chumvi za fedha zilizomo kwenye filamu huitikia buluu na pia urujuanimno, mionzi iliyo chini ya nanomita 400 ambayo jicho haliioni. Katika matabaka matatu ya filamu ya rangi, la juu ndilo linalonasa buluu, na mionzi hiyo ikilifikia huandikwa humo kama buluu. Kilimanjaro ukiipiga kutoka mbali, ukungu wa buluu unaoufunika mlima huzidi ule ulioonekana kwa macho.

Hata hivyo, lenzi yenyewe tayari ni filta. Vioo vyake, hasa vile vizito, pamoja na gundi inayoviunganisha, humeza sehemu kubwa ya urujuanimno. Anayetaka kupiga picha kwa mionzi hiyo hutafuta lenzi maalumu ya kwazi na floriti, kama UV-Nikkor ya milimita 105. Kwenye lenzi za kawaida hupenya ukanda mwembamba tu, karibu na 400.

Kanzu ni kesi nyingine kabisa. Viwanda vya nguo na vya sabuni ya unga hutumia ving'arishi vinavyomeza urujuanimno na kuutoa tena ukiwa mwanga wa buluu unaoonekana. Flashi isiyo na kinga huumwaga urujuanimno kwa wingi, na kitambaa kinawaka. Buluu hiyo imezaliwa kwenye nyuzi; inapofika kwenye lenzi ni mwanga kama mwanga mwingine, filta haina sababu ya kuuzuia. Pa kuziba ni kwenye flashi, ndiyo maana mirija ya baadhi ya flashi za studio hupakwa umanjano hafifu.

Buluu ya kufulia ya bibi zetu haina balaa hili, kwani ile ni rangi tu, haiwaki. Mwenye shaka na kanzu yake aipeleke chini ya taa ya kukagulia noti bandia.