Kivuli Kisicho Cheusi: Uhakiki wa Istilahi za Picha ya Kifua

Rasimu ya somo la awali la kusoma picha za eksirei za kifua, iliyotayarishwa kwa ajili ya wanafunzi wa utabibu mkoani Tabora, imetufikia tuitolee maoni. Kwa jumla lugha yake ni nyofu: mbavu, mtulinga, moyo na kiwambo vimetajwa kwa majina yanayofahamika. Hata hivyo, maneno mawili ya kawaida yanatutia wasiwasi.

La kwanza ni "kivuli". Mfasiri ameandika kwamba kivuli katika pafu huweza kuwa dalili ya maradhi. Kwa upande wa fizikia hakukosea. Miale hiyo, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, huigeuza filamu kuwa nyeusi inapoifikia. Mfupa huizuia, na mahali pake hubaki peupe. Kivuli cha eksirei, basi, ni cheupe. Lakini mwanafunzi aliyekulia chini ya miembe ya Tabora anajua kuwa kivuli ni giza. Atautafuta weusi, na weusi wa pafu kwa kawaida ni hewa tu. Hivyo ataishuku afya na kuupita ugonjwa.

La pili ni "kulia". Picha hutazamwa kana kwamba mgonjwa amemkabili msomaji. Kulia kwa mmoja ni kushoto kwa mwingine. Rasimu yasema "maji upande wa kulia", wala haielezi kulia kwa nani. Maji yaliyojikusanya baina ya pafu na ukuta wa kifua huenda yakahitaji kutolewa kwa sindano. Hapo neno legelege laweza kuipeleka sindano upande usio na ugonjwa.

Yafaa tukumbuke njia ya kale ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, yapata ratili 35. Neno hilo lilifaa kwa sababu muuzaji wa Unyanyembe na mnunuzi wa Unguja walielewa uzito mmoja. Istilahi nayo ni kipimo cha namna hiyo.

Tunapendekeza, basi, "weupe usio wa kawaida" mahali pa "kivuli", na "kulia kwa mgonjwa" au "kushoto kwa mgonjwa" kila utajwapo upande. Maneno haya ni marefu kidogo, wala hayana fahari, lakini hayampotezi msomaji. Twawaomba walimu wayajaribu darasani na kutuletea maoni yao kabla rasimu haijapigwa chapa.