Mashetani wa Lilanga Mjini

George Lilanga, mzaliwa wa huku kwetu kusini, alichonga vinyago vya Kimakonde kabla ya kuhamia Dar es Salaam miaka ya 1970. Huko alifanya kazi Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt.

Katika vinyago, shetani ni kiumbe wa porini. Katika michoro ya Lilanga, shetani amehamia mjini: masikio makubwa, tumbo nje, anabanana na wenzake, anacheza, anafanya kazi kama sisi.

Wapo waumini wasiotaka picha hizi nyumbani. Wazitazame tena. Haziwaiti kuabudu pepo, zinatuchora sisi. Kasoro yake ni rangi kung'aa mno, hata dhiki ya mjini ikafichika. Lakini anayejitambua humo ameshaanza kutubu.