Miili Majini: Cézanne, Njau na Suala la Fani na Maudhui

Wahakiki wa fasihi hukariri kwamba fani na maudhui havitenganiki, kisha huvijadili katika sura mbili mbalimbali. Uchoraji unatupa fursa ya kulipima dai hilo. Makala haya yanalinganisha kazi mbili zinazoonyesha watu majini katika mazingira asilia: Waogaji Wakubwa ya Paul Cézanne, iliyoko Philadelphia, na Ubatizo, mmojawapo wa michoro mitano ya ukutani ambayo Elimo Njau aliichora katika kanisa la Murang'a mwaka 1959.

Cézanne aliishughulikia kazi yake kwa miaka kadhaa, akafariki mwaka 1906 kabla hajaikamilisha. Miti inainama kutoka pande mbili na kufanya pembetatu. Miili ya wanawake inafuata mwinamo uo huo. Nyuso hazitambulikani. Msanii hakuwa na waogaji mbele yake. Alitegemea kumbukumbu na michoro yake ya zamani. Ndiyo maana kazi hii husifiwa kama ushindi wa fani.

Tatizo huzuka kipimo hicho kinapohamishiwa Nairobi na kutumiwa kumpima msanii wetu: je, amepanga miili vizuri kama Wafaransa? Swali hilo halimgusi Njau. Mzaliwa huyu wa Tanganyika, aliyesomea Makerere, aliiweka Injili katika mandhari ya Murang'a na kuwapa wahusika wake miili ya Kiafrika. Kanisa lenyewe lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau, na mwaka 1959 Hali ya Hatari ilikuwa bado haijaondolewa. Mahali kama hapo, rangi ya ngozi na sura ya nchi si mapambo. Ni hoja kuhusu nani anayestahili kuonekana mtakatifu, na katika ardhi ya nani.

Huenda msomaji akapinga kwamba Njau aliivika tu hadithi ya wamisionari vazi la Kiafrika, na kwamba ukumbusho huo hauwataji wafu wa upande wa wapiganaji. Pingamizi hili lina uzito. Hata hivyo, hatuwezi kulijadili kwa kupima pembetatu na mistari pekee. Ni lazima tuulize maji yale yanamtakasa nani, na nani ameachwa ukingoni.

Katikati ya miaka ya 1960, Njau na wenzake walianzisha Paa ya Paa jijini Nairobi, na huko alishikilia kwamba kuiga huua ubunifu. Tukilizingatia onyo hilo, uhakiki wetu nao hauna budi kuacha kuiga. Badala ya kumpima Njau kwa Cézanne, na tumuulize Cézanne swali la Njau: mto huu ni wa nani? Mto usio na jina, wenye waogaji wasio na nyuso wala kazi, nao una maudhui. Ukimya wake ndio tuliozoea kuuita fani.