Kukaza si Kukomea: Juu ya Tafsiri ya Maelezo ya Tanuri la Maabara

Hivi karibuni tumepata kuisoma tafsiri ya maelezo ya matunzo ya tanuri la maabara, iliyokusudiwa walimu wa sayansi. Lugha yake ni fasaha, na skrubu, bolti na nati zimeachwa kama mafundi wazijuavyo. Hata hivyo imeingia kasoro moja, nayo si ndogo, kwani aifuataye tafsiri kama ilivyo huenda akaharibu chombo.

Kasoro hiyo ni neno "kaza". Matini ya asili ina matendo mawili: kuizungusha nati mpaka ibane, na kuizuia isilegee baada ya kubana. Mfasiri ameyaita yote mawili kukaza. Basi mwalimu akikuta nati imelegea ataikaza tena kwa nguvu zaidi, na baada ya siku chache italegea vile vile. Sababu ni joto. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya feleji. Bamba la alumini lililobanwa kwa bolti ya feleji huminywa linapopata moto, na likiisha kuminywa kupita kiasi, hulegea linapopoa. Nguvu za mkono haziliondoi jambo hilo.

Kwa tendo la pili twapendekeza "kukomea". Mlango uliofungwa si lazima uwe umekomewa. Nati nayo ni hivyo hivyo. Hapo ndipo zingetofautishwa njia za kukomea, ambazo katika vyombo vya joto ndizo kiini cha habari. Nati yenye pete ya nailoni haifai kupita takriban nyuzi 120 za Selsiasi. Gundi ya kawaida ya hesi hudhoofu ikizidi nyuzi 150 hivi. Washa yenye ulimi wa kukunjwa, kwa kuwa ni metali tupu, hustahimili zaidi. Tafsiri yasema tu "kaza kwa gundi", ikaiacha sifa ya kuhimili joto iliyomo katika asili.

Tena imeandikwa "hakikisha nati imeshika". Kwa fundi wa gereji, nati iliyoshika ni ile iliyokwama, ambayo pengine haitoki ila kwa kukatwa!

Kuhusu "washa" tuna shaka kidogo. Mafundi wamelizoea, wala hatutaki kuwanyang'anya. Lakini katika maelezo ya chombo cha umeme, "ondoa washa" ikifuatwa na "washa tanuri" humbabaisha msomaji. Sisi tungeandika "pete ya washa", walau inapotajwa mara ya kwanza.